Pio Gama Pinto: Aliyewatafutia Wafungwa Wakili

Soma kwanza: Mathayo 25:31–46, Yohana 7:45–52, Waebrania 13:3, Waraka kwa Filemoni

Jumapili tulihubiriwa juu ya kondoo na mbuzi, na wengi tulitoka na swali moja kichwani. Kumlisha mwenye njaa tunaelewa, maana sadaka ya unga tunaitoa kila mwezi. Kumwona mgonjwa tunaelewa pia, na wadi za Pumwani zinatujua. Lakini yule aliye gerezani, je? Huyo wengi wetu tunamwogopa. Tunasema, kama yuko ndani, basi kuna kitu alifanya. Mama yake akisimama kwenye maombi ya Jumatano tunamwombea haraka haraka, halafu tunaendelea na ajenda.

Kwa hiyo wiki hii tunasimulia maisha ya mtu aliyefanya kazi hiyo ya mwisho katika orodha ya Bwana, hapa hapa Nairobi, na sehemu yake kubwa katika mitaa hii tunayokaa. Jina lake ni Pio Gama Pinto. Wengi mnalijua kutoka vitabu vya historia, kwamba aliuawa mwaka 1965. Wachache wanajua alichokuwa akifanya kabla ya hapo.

Tuseme mapema: Pinto hakuwa mtu wa kanisa letu. Alizaliwa katika nyumba ya Wagoa, Wakatoliki, na alipokuwa mkubwa alijiita mjamaa. Hatumfanyi mtakatifu wala hatusomi siasa zake kama Maandiko. Lakini Bwana alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimpa mfano wa Msamaria, mtu ambaye mwanasheria huyo asingeabudu naye. Tumsikilize basi na huyu.

KIJANA ALIYERUDI NYUMBANI

Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni, mtu wa ofisi, kama Wagoa wengi wa wakati huo. Mtoto alipofika miaka 8 alipelekwa India kusoma, akakaa huko hadi ujana wake. Alionja kazi katika jeshi la anga la India, kisha akaajiriwa Bombay katika posta na simu. Huko aliingia katika mgomo wa wafanyakazi, na huko akajiunga na wale waliotaka Goa iwe huru kutoka kwa Wareno. Wareno hawakuwa na mchezo. Waliokamatwa wengine walisafirishwa kwa meli hadi kambi za mbali, na jina la Pinto lilikuwa limeshajulikana. Mwaka 1949 akarudi Kenya.

Nairobi aliyoikuta iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na mtaa wake, Mhindi wake, na Mwafrika alipangiwa huku Eastlands: Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati. Hapa tulipo, kati ya Soko la Burma na barabara ya Jogoo, ambayo siku hizo iliitwa Doonholm Road, ndipo walipolala watu waliojenga mji mchana. Majina yenyewe yanatoa ushuhuda. Kariokor ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza. Burma inatukumbusha vijana wa Kenya waliopelekwa kupigana Asia katika Vita vya Pili. Walirudi na medali, wakakuta kipande bado kinawangoja.

Kijana wa Kigoa mwenye elimu angeweza kupata kazi ya karani, akanunua suti, akasahau. Pinto alijifunza Kiswahili kizuri na akaanza kuandika magazetini. Akashirikiana na vyama vya wafanyakazi. Mnamo Mei 1950 serikali iliwakamata viongozi wa vyama hivyo, Makhan Singh na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja. Mitaa hii ilijaa polisi na moshi wa kutoa machozi. Makhan Singh hakutoka kizuizini hadi mwaka 1961, miaka 11, na muda wote huo hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote kufungwa miaka hiyo. Pinto alikuwa mmoja wa waliobaki nje kuendeleza kazi. Alijionea mapema kwamba mtu anaweza kuzimwa kwa karatasi moja tu yenye saini.

MTU ALIYEVAA GUNIA

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Wazee wetu waliita Emajensi. Ilidumu hadi mwaka 1960.

Ndugu yangu, dada yangu, hapa ndipo tunapotaka utulie kidogo, maana hapa sheria yenyewe iligeuzwa. Kukutwa na risasi moja mfukoni kungeweza kukupeleka kwenye kitanzi. Kulisha kiapo, kitanzi. Kukutwa pamoja na watu wenye silaha, kitanzi. Mahakama maalum ziliundwa ili kesi ziende haraka. Emajensi ilipoisha, Wakenya zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa. Wanahistoria waliohesabu faili wanataja 1,090. Wengine wengi waliwekwa kambini bila kesi kabisa.

Na ushahidi ulitoka wapi? Mara nyingine ulitoka kwa mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi chini, matundu mawili tu ya macho. Watu wakapita mbele yake kwa mstari, na yeye akatikisa kichwa. Akikutikisia wewe, umekwenda. Hukumwona ni nani. Labda ni jirani mliyegombania mfereji wa maji. Labda ni mtu aliyetaka chumba chako au kibanda chako sokoni. Wazee waliita gakunia, kigunia.

Sasa fungua Yohana 7. Wakuu walipotaka kumkamata Yesu, Nikodemo aliuliza kama torati inaruhusu kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Swali dogo tu. Alichopata ni dharau. Wakamuuliza kama na yeye ni wa Galilaya. Ndivyo inavyokuwa hadi leo. Ukisema mshukiwa asikilizwe, watu wanakuuliza kama na wewe ni wa genge lao.

Pinto aliuliza swali la Nikodemo kwa vitendo. Kazi yake siku hizo ilikuwa kutafuta mawakili. Viongozi wa KAU waliposhtakiwa Kapenguria, yeye ni mmoja wa waliohangaika kupanga utetezi wao, ukaongozwa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na mawakili Wahindi na Waafrika. Lakini Kapenguria ilikuwa na waandishi wa habari na dunia ilikuwa ikitazama. Kazi ngumu ilikuwa ile ya watu wasio na jina: mpishi, mbeba mizigo, fundi wa viatu, waliokamatwa na kufikishwa mbele ya jaji bila mtu wa kuwasemea. Pinto aliwafuata mawakili wachache waliokubali kesi kama hizo, akawaomba wazichukue, na mara nyingi malipo yalikuwa haba au hayakuwepo. Mmoja wa mawakili hao alikuwa Argwings-Kodhek, ambaye barabara ya kwenda Hurlingham leo ina jina lake. Mwingine ni Fitz de Souza, Mgoa mwenzake.

Alikusanya pia habari za mateso na kuzituma Uingereza kwa wabunge waliokuwa tayari kusikiliza, kama Fenner Brockway. Katika miaka ile ile alitokea mwanamke Mkwekeri, Eileen Fletcher, aliyeajiriwa kufanya kazi katika magereza na kambi za hapa. Mwaka 1956 alirudi kwao akatangaza kwamba kulikuwa na wasichana wa miaka 11 na 12 waliofungwa maisha Kamiti. Alipigwa vita sana kwa kusema hivyo. Tunamtaja ili tusijidanganye kwamba kusema kweli juu ya wafungwa ni kazi ya wanasiasa peke yao. Wako Wakristo waliosema, na wako wengi walionyamaza.

WALIPOMFIKIA YEYE

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 Eastlands iliamka imezungukwa na askari. Ilikuwa Operesheni Anvil. Mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje, wakapakiwa kwenye malori. Wakapelekwa Lang'ata kuchujwa, kisha Mackinnon Road na Manyani. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Wake na watoto wengi walirudishwa mashambani walikokuwa hawana hata kibanda. Kuna familia katika mitaa hii ambazo babu alichukuliwa siku ile na hakurudi.

Wiki chache baadaye, Juni, walimjia Pinto mwenyewe. Alikuwa na miaka 27. Alikuwa amemwoa Emma mwezi Januari mwaka huo huo, kwa hiyo ndoa haikuwa imefika nusu mwaka. Hakushtakiwa. Alipelekwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kwenye kambi ya Takwa, mahali pa joto na mbu.

Kule Manda alikutana na watu ambao habari zao zinatosha kutuonyesha hali ilivyokuwa. Mmoja wao alikuwa Achieng Oneko. Oneko alihukumiwa Kapenguria, akakata rufaa, na mahakama ikasema hana hatia. Serikali ikamweka kizuizini hata hivyo. Mahakama imesema nenda, serikali imesema kaa. Hiyo ndiyo nchi waliyokuwa wakiishi.

Baba yake Pinto aliaga dunia miaka hiyo ya kizuizini. Mwana hakuruhusiwa kuwa kando ya kitanda chake. Aliyewahi kumpoteza mzazi akiwa mbali anajua jambo hilo haliponi kwa urahisi. Emma naye alibaki Nairobi, bibi arusi asiye na bwana, akifanya kazi kujikimu na kusaidia nyumba ya wakwe.

Mwisho wa mwaka 1957 Pinto alitolewa Manda, lakini si kwenda nyumbani. Alipelekwa Kabarnet, Baringo, akawekewa mipaka asitoke. Safari hii mke aliruhusiwa kuishi naye. Alipata uhuru kamili mwaka 1959. Ukihesabu, ni karibu miaka 5 ya maisha yake, kati ya miaka 27 na 32. Ni miaka ambayo kijana anajenga.

ALIVYOTUMIA UHURU WAKE

Mtu akitoka kizuizini tunategemea afanye moja kati ya mawili: ajifiche, au alipize. Pinto alirudi kwa wale waliobaki ndani. Alifanya kampeni ili waliokuwa bado vizuizini waachiliwe, Kenyatta akiwa mmoja wao. Alihangaikia pia waliokuwa wakitoka. Hawa walirudi mikono mitupu. Shamba limeshapewa mwingine, kazi hakuna, majirani wanawaogopa, na watoto wamekua bila kuwajua. Pinto alitafuta karo, nauli, kodi ya nyumba, kazi. Wanaomkumbuka wanasimulia kwamba pesa hazikulala mfukoni mwake. Mshahara uliingia na kutoka kwa mikono ya wenye shida, na Emma ndiye aliyebaki kupiga hesabu za nyumbani.

Baada ya uhuru hakukosa vyeo. Mwaka 1963 aliingia katika bunge la Afrika Mashariki, na mwaka 1964 akawa mbunge maalum katika bunge la Kenya. Lakini alianza kutofautiana na baadhi ya wakubwa wa chama chake. Aliona ardhi na mali vinaingia katika mikono michache, na wale aliokaa nao kambini wanasahauliwa. Hakunyamaza. Hatuingii katika siasa zile. Wazee wenyewe bado wanabishana. Tunachosema ni kwamba hakuwasahau watu wa jela alipopanda gari la mbunge. Yule mnyweshaji wa Farao alisahau. Alipotoka gerezani hakumkumbuka Yusufu kwa miaka miwili mizima. Wengi wetu ni wanyweshaji.

Tarehe 24 Februari 1965 asubuhi, nyumbani kwake Westlands, alikuwa ndani ya gari akijiandaa kutoka, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Watu wakakaribia, akapigwa risasi, akafa. Alikuwa na miaka 37, na mwezi uliofuata angefika 38. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache tangu uhuru. Aliacha mke na mabinti watatu, na mali karibu hakuna. Marafiki wakaanzisha mfuko wa kuisaidia familia. Alizikwa City Park.

MIAKA 36 YA KISILU

Wengi wanaposimulia maisha ya Pinto huishia hapo makaburini. Sisi tuendelee kidogo, maana lililofuata linahusu kazi yake yote.

Polisi waliwakamata vijana wawili, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa na mahakama. Kisilu alihukumiwa kifo, na baadaye adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Jaji mwenyewe alionyesha wazi kwamba kesi ile ilionekana haijakamilika, na kwamba huenda si wote waliohusika waliofikishwa mbele yake. Pamoja na hayo, faili ikafungwa. Nchi ikapata mtu wa kufunga, ikatulia.

Kisilu alikaa ndani hadi mwaka 2001, rais alipomwachilia kwa msamaha. Miaka 36. Alipoingia rais alikuwa Kenyatta. Alipotoka Moi alikuwa amekaa madarakani karibu miaka 23. Muda wote huo Kisilu alishikilia kwamba si yeye aliyemuua Pinto. Waliomtuma muuaji, kama walikuwepo, hawakuwahi kusimama kizimbani. Hata Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ililihesabu jina la Pinto kati ya mauaji ambayo taifa linadaiwa majibu.

Liangalie jambo hili, mpendwa. Mtu aliyetumia ujana wake kutafuta mawakili wa watu wasio na mtetezi, yeye mwenyewe alipouawa, haki iliyotolewa kwa jina lake ilikuwa kumfungia kijana mmoja mlango kwa miaka 36 na kuacha maswali nje. Emma alipata nini? Binti aliyekuwa kiti cha nyuma alipata nini? Hawakupata ukweli. Hawakuombwa msamaha na yeyote. Sidhani kuna mtu anaweza kusema kwamba Pinto mwenyewe angeridhika.

Hapo ndipo somo letu lilipo. Kumfunga mtu na kutenda haki ni mambo mawili. Mara nyingine yanakutana: yuko mtu hatari anayepaswa kuzuiliwa ili wengine wawe salama, na Warumi 13 haipingani na hilo. Lakini haki ya Biblia inauliza zaidi. Inauliza ukweli ni upi. Inauliza aliyeumizwa amerudishiwa nini. Inauliza aliyekosa atarudi vipi kuwa mtu. Zakayo hakufungwa, alirudisha mara nne. Onesimo alikuwa mtumwa aliyemtoroka bwana wake, na Paulo hakumficha wala hakumtupa. Alimrudisha na barua mkononi, na deni akakubali liandikwe kwake mwenyewe.

HAPA BURMA, LEO

Tuache sasa mwaka 1965, turudi sokoni.

Unajua inavyokuwa. Mtu anapiga kelele ya mwizi kati ya vibanda vya nyama. Katika dakika moja wamekusanyika watu 50, na hakuna hata 5 walioona kilichotokea. Jiwe la kwanza linarushwa na mtu asiyejua hata kilichoibwa. Kuna mtu anatafuta tairi. Hakuna gunia la kuvaa siku hizi, lakini ni gakunia ile ile: kidole kimenyooshwa, na mtu amekwenda. Je, sisi tuliookoka tunakuwa wapi saa hiyo? Wengine tunapita. Wengine, tuseme ukweli mbele za Mungu, tunashangilia, kwa sababu tumechoka kuibiwa. Na kuchoka huko ni kwa haki. Mama aliyenyang'anywa mtaji wa wiki ameumizwa kweli, na mtu asimwambie asamehe tu wakati watoto hawajala. Lakini kijana akichomwa, mtaji haurudi. Kunabaki mama wawili wanaolia.

Sheria ya nchi yetu leo inaruhusu mengi ambayo Pinto aliyatamani, na wengi wetu hatuyajui. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Kama muda huo unaisha wakati mahakama imefungwa, basi siku ya mahakama inayofuata. Ana haki ya kuambiwa kosa lake kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kiasi, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Na kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hapaswi kuwekwa rimandi. Mzazi anayeambiwa alete kitu kidogo ndipo kijana atoke, ajue kwamba haki haina bei ya mfukoni. Ukilipa pesa za dhamana, dai risiti.

Tangu mwaka 1998 tuna sheria ya huduma kwa jamii. Mtu mwenye kosa dogo anaweza kuhukumiwa kufanya kazi ya umma huku akilala kwake, badala ya kutumwa Industrial Area akajifunze makubwa zaidi. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 inamtambua asiye na uwezo wa kulipa wakili. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji bila kusikiliza hali ya mshtakiwa. Na kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za kijamii za kumaliza ugomvi. Mwaka 2020 Mahakama ya Kenya ilizindua sera ya kuongoza njia hizo. Hata sheria ya zamani ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 176, inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika kesi za kupigana na makosa mengine madogo ya mtu na mtu.

Kwa hiyo kanisa lina mlango. Vijana wawili wakipigana hapo stendi, au mmoja akaiba simu na simu ikapatikana, wazee wa kanisa, mwenyekiti wa soko na pande zote mbili wanaweza kukaa. Aliyeibiwa aongee kwanza mpaka amalize. Aliyeiba asikie alichofanya, arudishe, na kama hana arudishe kidogo kidogo kwa kazi. Kama kesi imeshafika mahakamani, kesi haiondolewi kwa simu ya pasta. Hakimu aelezwe wazi, na yeye ndiye aamue.

Na hapa tunaweka mpaka ambao mtu asiuvuke kwa jina la upatanisho. Mtoto akinajisiwa, au mwanamke akibakwa, jambo hilo haliketiwi sebuleni likamalizwa kwa mbuzi na soda. Hiyo ni kumuuza aliyeumizwa mara ya pili. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kabla hajaoga, kisha polisi, na simama naye mpaka kesi iishe. Haki inayoponya huanza na aliyejeruhiwa. Ikianza na kuokoa jina la familia au la kanisa, hiyo sio haki.

Tena kuna anayetoka. Kila mwezi kuna kijana anarudi mtaani kutoka Kamiti au rimandi. Amekaa miezi, mwingine miaka, na mwingine kesi imetupwa. Anakuja ibada, anakaa kiti cha nyuma. Tunashika mikoba yetu. Pinto angemwuliza amelala wapi jana na kama ana kazi. Filemoni aliombwa zaidi ya hapo: ampokee Onesimo kama angempokea Paulo mwenyewe. Nani hapa ana kibanda anaweza kumshika kijana huyo mwezi mmoja tuone? Nani ni fundi, ana nafasi ya mwanagenzi? Maombi tutafanya, lakini maombi peke yake hayalipi kodi ya nyumba.

Pinto hakuwa tajiri, na hakuwa wakili. Kesi nyingi alizohangaikia zilishindwa, na watu walinyongwa pamoja na hangaiko lake lote. Alichoweza ni kuhakikisha kwamba wengine kati yao hawakusimama mbele ya jaji peke yao. Hilo nasi tunaliweza. Kwenda Makadara siku ya kesi ya jirani na kukaa kwenye benchi ni nauli ya kwenda na kurudi. Mshtakiwa akigeuka akaona nyuso tatu za kanisa, hali ya chumba hubadilika, na hakimu naye huona kwamba mtu huyu ana watu.

MAMBO YA KUOMBEA NA KUTENDA WIKI HII

1. Tuwaombee walio rimandi Industrial Area na Lang'ata, hasa wale ambao kesi zinaahirishwa kila mara, na wale walioshindwa na dhamana ndogo. Kila kikundi cha nyumbani kiandike majina ya wanaowajua.

2. Tuwaombee walioibiwa, waliopigwa na waliofiwa kwa uhalifu katika mitaa yetu. Wiki hii kila kikundi kimtembelee mmoja wao. Msiende kuhubiri. Nendeni mkasikilize.

3. Wafanyabiashara wa Burma walio washirika wakubaliane kabla ya siku mbaya: kelele ya mwizi ikipigwa, nani atasimama katikati, nani ataita polisi, nani atamshughulikia aliyeibiwa. Msingoje siku yenyewe ndipo mpange.

4. Kama kuna wakili, karani wa mahakama, askari wa magereza au afisa wa huduma kwa jamii kati yetu, aone wazee baada ya ibada. Tunahitaji mtu wa kutufundisha jioni moja, kwa lugha rahisi, cha kufanya mtoto wako akikamatwa Ijumaa usiku.

5. Anayetoka gerezani wiki hii na kutafuta kanisa, akute kiti. Na mtu wa kukaa kando yake.

Mungu wa Yusufu, aliyemkumbuka ndani ya shimo, atukumbushe na sisi. Amina.